Kitanda cha Juu

Kabla niondoke, mathe alinipa vitu vitatu vya kumpelekea brathe: kilo mbili za unga wa wimbi, pakiti nne za majani chai, na swali moja. Unga na majani tuliyapima kwa mizani ya duka la jirani ili begi lisizidi uzito. Swali hatukulipima.

"Nataka uende uone anakolala," alisema. "Usiniletee picha ya jengo. Picha ya jengo ninayo. Kiangalie kitanda chake, halafu uje uniambie kikoje."

Picha ya jengo kweli anayo. Ukiingia kwetu Kayole, utaiona juu ya televisheni ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Brathe amesimama kando ya maji, shati jeupe limepigwa pasi hadi mikono inakaa kama ya karatasi, na nyuma yake Burj Khalifa inapanda mpaka inakatwa na ukingo wa picha. Aliipiga mwezi wake wa kwanza Dubai. Hiyo ni miaka sita sasa. Wageni wakija, mathe haelezi kitu. Anawamiminia chai na kungoja macho yao yapande ukutani. Wakiuliza, anajibu kwa ufupi: "Huyo ni kifungua mimba wangu. Yuko Dubai." Yanayobaki jengo linayasema lenyewe.

Brathe alienda huko kuwa askari wa kulinda majengo. Tulijua mshahara wake, tulijua zamu zake, tulijua hata majina ya wenzake wa kutoka Nepal na Uganda. Chumba chake hatukukijua. Akipiga simu ya video, yuko nje anatembea, ama uso umejaza skrini yote hadi huwezi kusema nyuma yake kuna ukuta au pazia. Mathe aligundua hilo kabla yetu sote. Mama aliyelea watoto watatu katika chumba kimoja humtambua haraka mtu anayeficha chumba.

Halafu mwezi wa Machi pesa zikaanza kupungua. Brathe alisema ni mambo ya dola. Mathe akasema sawa, akakata simu, akakaa kimya akiitazama ile picha.

Novemba, kazi ikanipeleka Dubai kwa mafunzo ya siku tatu. Niliomba siku mbili za ziada.

*

Mnara wa kwanza niliopanda maishani ni KICC, na aliyenipandisha ni yeye.

Nilikuwa darasa la tano. Yeye alikuwa ametoka kumaliza kidato cha nne na kupata kibarua cha mjengo Pipeline, kubeba mawe na kukoroga saruji. Pesa ya wiki ya kwanza alimpa mathe nusu. Nusu nyingine akaniambia, "Kadogo, vaa viatu. Twende town."

Kwa watoto wa Eastlands, KICC ilikuwa kitu cha kutazamwa kutoka chini, kwenye dirisha la matatu. Ilikuwa kwenye noti, kwenye kalenda, kwenye jalada la daftari. Ilijengwa kati ya 1967 na 1973, ghorofa 28, na kwa zaidi ya miaka 20 hakukuwa na jengo refu kuliko hilo Nairobi. Leo imepitwa na mengi. Times Tower iliipita, UAP ikaipita, na Britam kule Upper Hill imefika mita 200. Lakini mwambie mtu yeyote achore Nairobi kwa kalamu moja na dakika moja, na atakuchorea KICC: mnara wa mviringo, na kando yake lile paa lililochongoka kama ua ambalo halijafunguka.

Tulilipa pale chini, tukaingia kwenye lifti, masikio yangu yakaziba, halafu tukamalizia kwa ngazi. Juu kabisa ni uwanja wa kutua helikopta. Upepo ulinipiga nikashika mshipi wa brathe kwa mikono yote miwili. Akanizungusha polepole kama mtu anayemwonyesha mgeni nyumba yake. Kule ni Ngong. Hii saa hapa chini ni ya Bunge. Ule uwazi ni Uhuru Park. Kule kusini, ile nyasi ya kahawia, ni mbuga, simba wako huko sasa hivi wanatuangalia.

"Na kwetu?" nikauliza.

Tukaenda upande wa mashariki. Mashariki hakukuwa na mlima wala mbuga. Kulikuwa na mabati hadi macho yanapochoka, na vumbi, na moshi wa mbali.

"Pale," akasema. Kidole chake kilitoka haraka, kikagusa upeo wa macho mahali fulani, kikarudi mfukoni.

"Wapi?"

"Unaona ule moshi? Sasa kuja hivi. Unaona tangi jeusi? Chini yake."

Nikaliona. Naapa nililiona. Niliona tangi, niliona kamba ya nguo, nikakaribia kumwona mathe akianua. Kwa mwaka mzima niliwaambia watoto wa shule kwamba kwetu kunaonekana kutoka KICC, na aliyebisha tulipigana.

*

Alinipokea kwenye kituo cha metro. Alikuwa amekonda, lakini mtu ambaye hujamwona miaka miwili huwezi kujua kama amekonda au umemsahau. Alikuwa na lile shati jeupe, ama ndugu yake. Alinikumbatia, akanusa begi. "Hiyo ni wimbi," akasema, na kwa muda kidogo hakusema kitu kingine.

Halafu akawa kaka mkubwa tena. Alikuwa ameshanipangia kila kitu. Siku ya kwanza Dubai Frame, halafu mji wa kale, halafu jioni twende tukaone chemchemi zikicheza chini ya Burj. Siku ya pili ufuo wa bahari, duka la zawadi, uwanja wa ndege.

"Na kwako?"

"Kwangu ni mbali. Na wasee wa zamu ya usiku hulala mchana. Tutaona."

Tutaona ni neno ambalo kwetu lina maana moja tu. Mathe hulitumia ukimwomba viatu vipya.

Dubai Frame ni kama jina lake lilivyo: fremu ya picha, ila ina urefu wa mita 150 na imesimama katikati ya bustani ya Zabeel. Ilifunguliwa Januari 2018. Minara miwili imeunganishwa kule juu na daraja la mita 93, na ndani ya daraja ndimo watu hutembea wakitazama. Imewekwa makusudi mahali ambapo ukigeuka upande mmoja unaona Dubai ya zamani, Deira na Karama na Bur Dubai, majengo ya kimo cha kawaida yenye rangi ya mchanga. Ukigeuka upande wa pili unaona Dubai ya kwenye picha: barabara ya Sheikh Zayed na majengo yake ya vioo yamejipanga kama chupa za marashi, na Burj Khalifa ikiyazidi yote.

Tiketi ilikuwa dirham 50 kila mmoja. Dirham moja ni kama shilingi 35 za kwetu, piga hesabu. Nilitoa kadi, brathe akaisukuma kando na kutoa noti zake, zilizokunjwa mara nne. "Wewe ni mgeni," akasema.

Katikati ya daraja kuna ukanda wa sakafu ya kioo. Unaweka mguu, na chini ya soli yako kuna mita 150 za hewa na bustani ndogo kama zulia la mlangoni. Watalii walikuwa wanalala hapo kifudifudi wapigwe picha. Mtoto mmoja aligoma kabisa kukanyaga, akalia, babake akambeba. Mimi nilikanyaga, nikarudi, nikakanyaga tena. Brathe alipita kando ya kioo, kwenye sakafu ya kawaida, bila kutazama chini.

Tukasimama upande wa mji wa zamani.

"Sasa nionyeshe kwako," nikasema. "Mathe ameniambia nisirudi bila kuona."

"Pale," akasema. "Unaona lile jengo jeupe? Lenye dishi nyingi. Ghorofa ya saba. Niko na jamaa wawili."

Kidole kilikuwa kimetoka haraka, kikagusa kioo mahali fulani, kikarudi mfukoni.

Sikuangalia jengo. Nilikuwa naangalia mfuko. Nilikuwa na umri wa miaka 25, nimesimama juu ya nchi ya watu, na ndipo nilipofahamu kitu ambacho ningepaswa kukifahamu darasa la tano: kila ploti Kayole ina tangi jeusi. Kila moja.

Ukiwa juu ya mnara, huwezi kumbishia anayekuonyesha. Vitu vyote viko mbali kwa kipimo kimoja. Majengo meupe ni mengi, madishi ni mengi, na mwenye kidole ndiye mwenye mji. Ndiyo maana watu hupenda kupandisha wageni juu. Mji ukiuona kutoka chini unauliza maswali: huyu amelala wapi, huyu amekula nini, mbona mlango huu una viatu jozi kumi. Ukiuona kutoka juu, unasema tu, "Aisee," na kutoa simu.

Nikasema, "Aisee," nikatoa simu. Nilipiga picha ya lile jengo jeupe.

*

Mchana tulivuka hori kwa abra. Hiyo ni mashua ya abiria ya mbao, nauli dirham moja, mnakaa mmepeana migongo katikati na magoti yakielekea maji. Hapo brathe alichangamka. Hapo alijua kila kitu: basi la nambari gani hupita wapi, mkahawa gani huuza chapati na dengu kwa bei ya binadamu, ukuta gani una kivuli saa nane. Alinieleza kwamba kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba sheria inakataza kazi za nje kwenye jua kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana, na kwamba saa hizo ukipita chini ya mti wowote utaona wanaume wamelala safu kama mikate. Mji huo aliujua kwa nyayo.

Katika nyumba za kale za Al Fahidi alinionyesha dari. "Angalia juu," akasema. "Hizo ni za kwetu."

Zilikuwa boriti, miti ya mikoko, nyeusi kwa uzee. Zilikuja na majahazi kutoka Lamu na kutoka delta ya Rufiji, zikashushwa katika bandari za Ghuba ambako miti ya kujengea haioti. Mti wa mkoko haurefuki sana, kwa hiyo vyumba vya zamani ni vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti. Nilisimama katikati, nikanyoosha mikono, nikawaza kuhusu watu wa Ghuba waliolala vizazi na vizazi chini ya miti ya pwani yetu, wakihesabu boriti usingizi ulipokataa kuja.

"Nani alikuambia haya?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nafanya zamu karibu na hapa. Askari husikia kila kitu kinachosemwa na maguide. Naweza kukutembeza hapa kwa Kiingereza na Kihindi."

"Ulikuwa?"

Akatazama saa. "Twende, chemchemi zinaanza saa kumi na mbili."

*

Kitu ambacho brathe hakujua ni kwamba tiketi za Burj Khalifa nilikuwa nimezinunua nikiwa Nairobi. Tiketi za saa ya jua kutua ni ghali kuliko za asubuhi, na bei yake siitaji hapa kwa sababu mathe anaweza kusomewa makala haya. Nilijua hajawahi kupanda. Miaka sita, na picha ukutani, na hajawahi kupanda. Nilipomwonyesha simu, alisoma mara mbili.

"Hizi pesa ungeweka saruji shamba," akasema.

"Wewe uliweka saruji KICC?"

Akacheka. Mlangoni aliwasalimia askari wawili kwa jinsi ambayo mimi na watalii wengine hatukuwasalimia. Aliwaangalia usoni, akauliza zamu inaisha saa ngapi. Mmoja alikuwa Mganda. Walishikana mikono kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Lifti ilitufikisha ghorofa ya 124 kwa kama dakika moja, na taa zilikuwa zikicheza ukutani hivi kwamba hujui kama unapanda au umesimama. Hapo uko mita 452 juu, na bado jengo linaendelea juu yako hadi 828. Ukiwa na pesa zaidi kuna roshani nyingine ghorofa ya 148. Hata kule mbinguni kuna kwenda mbinguni zaidi.

Sitakudanganya kwamba haikuwa nzuri. Jua lilikuwa linaiingia bahari kama sarafu. Barabara ya Sheikh Zayed ilikuwa uzi mwekundu upande mmoja na mweupe upande wa pili. Majengo ambayo asubuhi yalinikaza shingo sasa yalikuwa chini yangu, na vidimbwi vya kuogelea kwenye mapaa yake vilikuwa kama vipande vya sabuni ya bluu. Upande wa bara, jangwa lilianza mahali mji ulipochoka. Kila mtu alikuwa na mgongo kwa mandhari na uso kwa simu yake. Nami pia. Nina picha 61.

Brathe hakutazama mbali. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo, akatazama chini moja kwa moja.

"Hivi vioo," akasema, "ni zaidi ya 24,000. Kuviosha vyote ni kama miezi mitatu. Wakimaliza wanaanza tena."

Kisha akaniambia jambo lingine, ambalo mwenzake Mpakistani alimwambia na ambalo baadaye nilithibitisha. Mwaka 2011 mashehe wa Dubai walitangaza kwamba katika Ramadhani, wanaokaa juu ya ghorofa ya 80 wangoje dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na wa juu ya ghorofa ya 150 wangoje dakika tatu. Kule juu jua hulioni likitua pamoja na watu wa chini. Nikatazama na kweli: barabarani taa zilishawaka, usiku ulishafika, na sisi bado tulikuwa na jua usoni. Mji mmoja, jua moja, na saa za magharibi tofauti.

Hapo ndipo nilipouliza. Sikuwa nimepanga. "Brathe, ile siku ya KICC. Uliona kwetu kweli?"

Alikaa kidogo. "Hiyo siku hata Kayole sikuiona. Kulikuwa na vumbi. Lakini ulikuwa unakaribia kulia."

"Na leo asubuhi?"

Watalii wa familia moja walituomba tuwapige picha. Brathe akachukua simu yao, akawapanga vizuri, warefu nyuma, akapiga tatu, akawarudishia. Niliona namna anavyojua kufanya hivyo. Amewapiga watu picha mbele ya jengo hili miaka sita. Aliporudi, hakurudi kwenye kioo.

"Kampuni ilipoteza tenda Machi," akasema. "Wakapunguza watu. Nyumba ilikuwa ya kampuni, kwa hiyo kazi ikiisha na kitanda kinaisha. Sasa niko na kampuni nyingine. Naosha magari kwa maegesho ya chini ya jengo. Usiku. Ghorofa ya tatu, lakini ya kwenda chini."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mathe ana ile picha."

Sikuwa na jibu. Ningetaka kusema kwamba mathe angeivunja hiyo fremu mwenyewe kama angejua, lakini sikuwa na hakika. Jua likamaliza kutua hata kwetu. Kioo kikageuka kioo cha kujitazamia, na badala ya mji tukaona sisi wawili: mimi na beji ya mafunzo bado shingoni, yeye na shati lake jeupe, wafupi wote wawili kama babetu.

"Unaona?" akasema. "Hapa hata nikikuonyesha, huwezi kuona. Twende chini."

*

Tulishuka kwa metro hadi Deira. Jengo halikuwa jeupe. Lifti ilikuwa na karatasi ya kusema imeharibika, na karatasi yenyewe ilikuwa imezeeka. Ghorofa ya pili, mlango wa mwisho, viatu jozi kumi na moja. Brathe akavua vyake, akavipanga na ncha zikielekea nje, vile mathe alivyotufundisha.

Chumba kilikuwa na vitanda vinne vya kupandana, watu wanane. Huko Dubai hawapangishi chumba, wanapangisha kitanda. Sakafu iliyobaki katikati ilitosha mtu mmoja kusimama na mwingine kupita akisema samahani. Nilikumbuka zile boriti. Hapa upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa kitanda. Jamaa watatu walikuwa macho. Mmoja alishusha miguu, akanipisha nikae kwenye godoro lake, mwingine akawasha birika bila kuulizwa. Chumba kilinukia sabuni na vitunguu. Kilikuwa safi. Nakisema hicho kwa sababu ni kweli, na kwa sababu najua ungefikiria vingine.

"Changu ni hicho," brathe akasema. Hakunyoosha kidole. Aliweka kiganja chote juu ya mbao.

Kilikuwa kitanda cha juu. Alikuwa ameshona pazia la bluu kwa mkono, limepita kwenye waya. Ndani kulikuwa na feni ndogo, waya wa simu, Biblia ya mathe ya zamani yenye mkanda mwekundu, na shati lingine jeupe kwenye kibanio. Nikauliza kwa nini juu, si utagonga kichwa.

"Cha chini ni dirham 700. Cha juu ni 600."

Jamaa wa birika akacheka, akasema kitu kwa Kihindi, na brathe akanitafsiria: asubuhi hii ulilipa ili upande, hapa tunapanda ili tulipe kidogo.

Tulikunywa chai. Majani yalikuwa ya Kericho, mapya, na brathe aliyagawa kwa kila mtu chumbani kama mwenye kiwanda. Walitaka kujua kule juu kukoje. Watu saba wenye miaka mingi Dubai baina yao, na hakuna aliyekuwa amepanda. Brathe akawaeleza. Akawaambia habari za lifti, za vidimbwi kama sabuni, za jua la pili. Aliwaeleza vizuri kuliko nilivyoona mimi. Wakatikisa vichwa. Mmoja akauliza kama mtu anaweza kuona Deira kutoka kule.

"Unaiona," brathe akasema. "Lakini hutajua ni yenyewe."

Kabla niondoke nilimwomba nimpige picha. Nilitarajia akatae. Alipanda ngazi ya chuma, akakaa kwenye godoro lake, akafungua pazia lote. Dari ilimlazimisha ainamishe kichwa kidogo. Hakuweka mkono mfukoni.

"Mwambie polepole," akasema. "Usianze na maegesho."

*

Sikuanza na maegesho. Nilianza na chai, na watu wanaosalimiana milangoni, na boriti za Lamu. Mathe alinisikiliza huku anapepeta mchele. Nilipofika kwenye tenda ya Machi, mikono yake ilisimama, kisha ikaendelea.

"Nilijua," akasema. "Dola haiwezi kusumbua mtu mmoja peke yake. Mtoto wa mama wa pale kona pia yuko huko, na pesa zake hazikupungua."

"Mbona hukumuuliza?"

"Ningemuuliza, angenijibu. Halafu ningejua amenidanganya." Akaweka ungo chini. "Kitanda."

Nikampa simu. Hakuvaa miwani. Alifungua picha kwa vidole viwili, akaikuza hadi uso wa brathe ukatoka nje ya skrini, kisha akaanza kutembea ndani yake, polepole, kutoka kona hii hadi ile, kama watu wanaozungusha zile darubini za kulipia kule juu. Aliuliza pazia linafungika hadi mwisho. Linafungika. Aliuliza hao wenzake ni watu wa heshima. Ni wa heshima. Akarudi kwenye pazia, akalikuza tena, akatazama mshono.

"Uzi wake ni mrefu mno," akasema. "Nilimwambia kila siku, shona fupi fupi."

Ile picha ya ukutani bado iko. Sikumwomba aitoe, na hakujitolea. Lakini kwa muda mrefu jioni hiyo hakuiangalia. Alikuwa ameshika simu yangu karibu na dirisha, penye mwanga, kidole kimesimama upande wa kichwani mwa kitanda, ambako nyuma ya Biblia kulikuwa na mfuko wa karatasi wa rangi ya kaki ambao mimi niliyepiga picha sikuwa nimeuona.

"Ona," mathe akasema. "Wimbi ameweka karibu na kichwa."